Mtoto Mnono, Asiyeumwa: Kwa Nini Aanze ARV Leo?

Katika barua za wasomaji zilizofika mezani kwetu tumechagua nne zinazohusu jambo moja, yaani umri ambao mtoto aliyezaliwa na VVU anapaswa kuanzishiwa dawa za kufubaza virusi (ARV), na kile kinachotokea kwenye kinga yake miaka mingi baadaye. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa majibu ya zile mbili zinazofuata yanategemea maelezo yake.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa wiki 8. Niligundulika kuwa na VVU mimba ikiwa na miezi 7, nikaanza dawa siku hiyo hiyo. Mtoto alipofikisha wiki 6 alitobolewa kisigino, damu ikadondoshewa kwenye karatasi na kupelekwa maabara, na juzi nimeambiwa kwamba ameambukizwa. Muuguzi alitaka aanze dawa hapo hapo. Lakini mtoto ananyonya vizuri, ana kilo 5, na hajaugua hata mafua. Mama mkwe, ambaye ndiye pekee nyumbani anayeijua hali yangu, anasema haraka haraka haina baraka: ningoje mwili ukomae, angalau afikishe mwaka mmoja, ndipo apewe dawa kali za namna hiyo. Nimebaki njia panda. — *Mama wa Geita*

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako tuliijibu kwa simu siku ile ile tulipoipokea, kwa sababu jambo lenyewe halikuweza kungoja gazeti lichapwe. Tulichokuambia ni kwamba mtoto arudishwe kituoni kesho yake asubuhi na aanze dawa. Tunaichapa hapa, kwa idhini yako, kwa kuwa tunaamini nyumba nyingine zinabishana jambo hilo hilo kwa sauti ya chini.

Kwanza nimtetee mama mkwe wako. Ushauri wake si wa kijinga. Ndio uliokuwa ushauri wa madaktari wengi hadi mwaka 2008. Mwongozo wa wakati ule uliruhusu mtoto mchanga mwenye VVU aangaliwe tu, apimwe mara kwa mara, na aanze dawa pale chembe zake za kinga ziitwazo CD4 zinaposhuka au anapoonyesha dalili za ugonjwa. Hofu zilikuwa za kweli: dawa za maji zilikuwa chungu na ngumu kutunza, madhara yake kwa viungo vichanga hayakufahamika vyema, na ilihofiwa kwamba mtoto akianza mapema mno virusi vitaizoea dawa kabla hajafika hata shule ya msingi.

Kilichobadilisha mawazo hayo ni utafiti uliofanyika Afrika Kusini, katika vituo vya Soweto na Cape Town, unaojulikana kwa jina la CHER. Waliochukuliwa walikuwa watoto 377 wenye umri wa kati ya wiki 6 na 12, wote wakiwa na VVU, na wote wakiwa na kiwango cha CD4 kilichohesabiwa kuwa kizuri. Kwa maneno mengine, mama, walikuwa watoto wanaofanana na wako: wanaonyonya na wanaonenepa. Watoto 252 walianza dawa mara moja, na 125 wakasubiri chini ya uangalizi wa karibu. Mwaka 2007 kamati huru iliyokuwa ikisimamia usalama wa utafiti ilipofungua hesabu, ikaagiza kwamba kundi la kusubiri lisiendelee kusubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: katika wale 125 walikuwa wamekufa watoto 20, sawa na asilimia 16, katika wale 252 walikuwa wamekufa 10, sawa na asilimia 4. Hatari ya kifo ilikuwa imepungua kwa asilimia 76 kwa sababu tu ya kutosubiri. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyethibitishwa kuwa na VVU aanze dawa, hata kama CD4 zake ni nzuri na hana dalili yoyote. Baadaye umri huo ulipandishwa hatua kwa hatua, hadi mwaka 2015 ulipofutwa kabisa, na sasa kila mwenye VVU, mkubwa kwa mdogo, anastahili dawa.

Ninaomba umsomee mama mkwe kipande hicho, kisha umweleze jambo moja ambalo takwimu hazilisemi vizuri. Watoto wale waliosubiri hawakuachwa vichakani. Walikuwa wakipimwa, wakijulikana kwa majina, na madaktari wakiwa tayari kuanza dawa mara dalili ya kwanza ikijitokeza. Hata hivyo wengi wa waliofariki waliondoka haraka, kwa kuhara au kwa ugonjwa wa ghafla, kabla ya nafasi ya kuwaokoa kupatikana. Mtoto mchanga mwenye VVU hakupi taarifa ya mapema. Unene wake wa leo hausemi lolote kuhusu mwezi ujao.

Sababu iko ndani ya mwili wenyewe. Mtu mzima anapoambukizwa, virusi huongezeka kwa kasi kwa wiki chache, kisha kinga yake huvishika na kuvishusha, na anaweza kukaa miaka kadhaa bila kuugua. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa hana breki hiyo. Kinga yake imetoka tumboni ikiwa imefunzwa kuvumilia, isije ikapigana na mwili wa mama, na chembe zake za CD4, ambazo ndizo virusi huzipenda, zipo kwa wingi na zinazaliana kwa kasi kwa kuwa anakua. Matokeo yake ni kwamba virusi hupanda juu sana na kubaki huko kwa miezi mingi, pengine kwa mwaka mmoja au miwili. Uchambuzi wa takwimu za nchi za Afrika uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba pasipo matibabu, takriban asilimia 35 ya watoto walioambukizwa kutoka kwa mama hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na zaidi ya nusu kabla ya kutimiza miaka miwili. Hao ndio wanaoitwa "waliongojewa wakomae".

Kuna pia hatari nyingine, isiyoonekana kwa macho. Kila siku virusi vinapozunguka mwilini bila kizuizi, baadhi yake hujificha ndani ya chembe za kinga zinazoishi miaka mingi, na huko ARV haziwezi kuvifuata. Maficho haya yakishajengwa hayabomoki kwa urahisi. Nchini Botswana watafiti waliwaanzishia dawa watoto ndani ya saa au siku chache baada ya kuzaliwa, wote wakiwa hawajavuka siku 7, kisha wakawalinganisha na watoto walioanza miezi michache baadaye. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, watoto 10 walioanza siku zile za mwanzo walikutwa, walipokaribia umri wa miaka miwili, na maficho madogo sana ya virusi, na sehemu ya kinga iliyo ya asili, ile isiyohitaji kufunzwa na chanjo, ilikuwa na nguvu zaidi. Walikuwa wachache, na mimi huwa naogopa kujenga nyumba kubwa juu ya watoto 10, lakini mwelekeo ni ule ule uliokwisha kuonekana Soweto na Cape Town.

Sasa kuhusu ukali wa dawa. Mama mkwe anakumbuka, bila shaka, zile dawa za zamani. Mtoto aliyetimiza wiki 4 na uzito wa kilo 3 leo anaweza kupewa dolutegravir ya watoto, kidonge kinachoyeyuka katika maji kidogo na chenye ladha ya matunda, mara moja kwa siku, pamoja na abacavir na lamivudine ambazo nazo huyeyushwa vivyo hivyo. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kunywa, mrudishie dozi. Mpe pia septrini kama kituo kitakavyoelekeza, kwa kuwa inazuia aina ya nimonia inayoua watoto hawa katika miezi ya mwanzo. Kipimo cha pili cha kuthibitisha kitachukuliwa siku anapoanza dawa, lakini dawa hazingoji majibu yake.

Nikutahadharishe juu ya jambo moja ambalo huwatisha akina mama hadi wakatupa dawa. Katika wiki au miezi ya kwanza, mtoto anaweza kuvimba tezi kwapani, upande ule ule wa mkono aliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, alipozaliwa. Kinga iliyokuwa imelala inaamka na kuikuta chanjo. Mpeleke kliniki aonwe, ila usisimamishe ARV. Tena ilionekana katika utafiti ule wa Afrika Kusini kwamba tatizo hilo huwapata watoto wachache miongoni mwa wanaoanza mapema kuliko miongoni mwa wanaochelewa.

Wewe mwenyewe endelea na dawa zako na uendelee kumnyonyesha. Kwa mtoto ambaye tayari ameambukizwa, maziwa yako ni chakula na kinga asiyoweza kuipata dukani.

SWALI: Mheshimiwa Daktari, nakusalimu kutoka Makete. Ninalea mjukuu wa miaka 7 ambaye wazazi wake hawapo. Alipatikana na virusi akiwa na miaka 5, baada ya kulazwa kwa nimonia na kisha kupata mkanda wa jeshi. Anameza dawa vizuri, na mwezi uliopita niliambiwa virusi havionekani na CD4 ni 620. Lakini mtoto wa jirani, aliyeanza dawa akiwa kichanga, ana zaidi ya 1,000. Tena wangu aliugua surua mwaka jana wakati alishachanjwa. Je, kuchelewa kwangu kumemharibia kinga moja kwa moja? — *Bibi wa Makete*

JIBU: Shikamoo bibi. Neno "kwangu" katika swali lako naliondoa kwanza. Mtoto uliyempokea akiwa hajapimwa hukumchelewesha wewe, na kama usingemfikisha hospitali, asingekuwa na namba yoyote ya kulinganisha na ya jirani.

CD4 620 kwa mtoto wa miaka 7 ni kiwango kizuri. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kusoma namba hizi bila umri. Kichanga mwenye afya huwa na chembe hizo nyingi mno kuliko mtu mzima, kiasi kwamba 1,200, ambayo ingetufurahisha kwako, kwa mtoto wa miezi 6 ni dalili ya kinga iliyoshuka vibaya. Ndiyo maana kwa watoto wa chini ya miaka 5 madaktari hupenda kutumia asilimia badala ya idadi. Kuanzia miaka 5 na kuendelea, 500 na zaidi huhesabiwa kuwa kinga isiyo na upungufu wa kututia hofu. Ya jirani mwachie jirani.

Hata hivyo umeniuliza swali la kweli, na nitalijibu kwa ukweli. Kuchelewa kuna gharama. Nyuma ya mfupa wa kifua mtoto ana tezi iitwayo thaimasi, ambayo ni kama chuo cha kufundishia chembe changa za kinga. Huwa kubwa na yenye kazi nyingi utotoni, kisha husinyaa kadiri umri unavyokwenda. Mtoto anayeanza dawa mapema huijenga kinga yake chuo kikiwa wazi. Anayeanza akiwa mkubwa, hasa kama CD4 zilishashuka sana, hupanda pia, lakini wengine hawafiki pale ambapo wangefika. Mjukuu wako ameanza akiwa na miaka 5, umri ambao tezi hiyo bado inafanya kazi, na majibu yake yanaonyesha kwamba imeitikia.

Surua yake nayo ina maelezo. Chembe zinazotunza kumbukumbu ya chanjo huharibiwa na virusi vinavyozunguka kwa muda mrefu. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwachunguza watoto waliozaliwa na VVU, wakaona kwamba walioanza dawa ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa wamehifadhi kumbukumbu hizo, kinga zao dhidi ya surua na pepopunda zikikaribia za watoto wasio na virusi, ilhali waliochelewa walikuwa wamezipoteza nyingi, hata pale ambapo virusi vilikuwa vimeshashushwa. Dawa huzuia uharibifu usiendelee. Haziandiki upya yaliyokwisha kufutwa. Kinachoyaandika upya ni chanjo nyingine. Kwa sababu hiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto aliyeanza ARV akiwa ameshachanjwa surua apewe dozi ya ziada kinga yake ikishapanda. Mjukuu wako ameshaugua surua yenyewe, lakini nenda na kadi yake ya kliniki, uwaulize wauguzi wakague chanjo zote na si hiyo peke yake.

Mwangalie pia kifua. Watoto walioishi miaka kadhaa na VVU bila dawa, kama ilivyochunguzwa sana Zimbabwe na Malawi, hubaki na kikohozi cha muda mrefu na pumzi fupi hata virusi vikiwa havionekani, na mara nyingi hutibiwa kifua kikuu wasichokuwa nacho. Ukiona anachoka upesi kuliko wenzake anapocheza, sema. Na kila anapopimwa uzito, uliza kama dozi inafaa bado. Watoto huzidi dozi zao kama wanavyozidi viatu.

Hayuko peke yake, bibi. Takwimu za mwaka 2021 zilionyesha kwamba duniani asilimia 52 tu ya watoto wenye VVU ndio waliokuwa kwenye matibabu, dhidi ya asilimia 76 ya watu wazima. Aibu hiyo ndiyo iliyowakutanisha wawakilishi wa nchi 12 za Afrika hapa Dar es Salaam tarehe 1 Februari 2023, wakatia ahadi ya kumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo 2030.

SWALI: Assalamu alaikum. Binti yetu alianza dawa siku ya tatu baada ya kuzaliwa, sasa ana miaka 3 na virusi havijaonekana tangu alipokuwa na miezi 5. Nimesikia kwamba kuna watoto walioanza mapema hivyo wakaacha dawa na wakapona. Mimi na mke wangu twauliza: je, naye aweza kuachishwa? — *Baba wa Mombasa*

JIBU: Waalaikumu salaam. Hapana, asiachishwe. Ulichokisikia kina msingi, lakini kimefika kwako kikiwa kimekatwa mkia.

Mtoto mmoja wa jimbo la Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka 2010, alianza dawa akiwa na saa 30 hivi tangu kuzaliwa. Alipofika takriban miezi 18 dawa zilikatika, na waliompima baadaye hawakuona virusi. Dunia nzima ikatangaza kwamba amepona. Baada ya miezi 27 bila dawa, mwaka 2014, virusi vikarudi. Yupo pia mtoto wa Afrika Kusini, miongoni mwa wale wa utafiti nilioueleza hapo juu, aliyepewa dawa kwa wiki 40 tu; habari zake zilipotolewa mwaka 2017 alikuwa na umri wa miaka 9 na nusu, na virusi havijarudi. Na mwaka 2024 watafiti wa mradi wa kimataifa wa kuwaanzishia watoto dawa ndani ya saa 48 walieleza kwamba kati ya watoto 6 walioachishwa kwa makusudi, 4 walikaa zaidi ya wiki 48 bila virusi kuonekana, na mmoja kati ya hao wanne virusi vikamrudia baadaye.

Weka habari hizo kando ya hii. Katika utafiti wa Afrika Kusini, wale 252 walioanza mapema walikuwa wamegawanywa makundi mawili, yakasimamishwa dawa kwa mpango, moja baada ya wiki 40 na jingine baada ya wiki 96. Nusu ya kundi la kwanza walikuwa wamelazimika kurudi kwenye dawa ndani ya wiki 33 hivi, na nusu ya kundi la pili ndani ya wiki 70. Yule mtoto anayeandikwa magazetini ni mmoja. Waliorudi kwenye dawa ni wengi, na hawakuandikwa.

Tofauti nyingine ni kwamba watoto walioachishwa katika mradi ule wa kimataifa walichaguliwa kwa vipimo visivyopatikana katika kliniki ya kawaida, na baada ya hapo wakawa wakipimwa kwa ukaribu mno ili virusi vikitikisika dawa zirudishwe upesi. Mzazi akisimamisha dawa nyumbani, virusi hutoka mafichoni bila mtu kujua, na kumbukumbu za kinga nilizomweleza bibi wa Makete huanza kufutika upya. Kwa hiyo mlichompa binti yenu siku ile ya tatu ni maficho madogo na kinga iliyojengeka vizuri. Hiyo si tiba kamili bado, ila siku tiba itakapopatikana, watoto wa namna yake ndio watakaoifikia kwa urahisi zaidi.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati mkoani Kigoma. Sampuli zetu za watoto husafirishwa mbali, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Je, inaruhusiwa kumwanzishia mtoto dawa kabla ya majibu? — *Muuguzi*

JIBU: Kwa mtoto mgonjwa, ndiyo. Mtoto wa chini ya miezi 18 ambaye kipimo cha kingamwili kimeonyesha VVU, na ana mawili kati ya haya matatu, utando mweupe mdomoni, nimonia kali au maambukizi makali ya damu, huhesabiwa kuwa ana VVU mpaka ithibitike vinginevyo. Chukua sampuli kwanza, kisha wasiliana na daktari wa kituo cha tiba na matunzo ili aanze. Kipimo hicho cha kingamwili peke yake hakitoshi, kwa kuwa kingamwili za mama hukaa kwa mtoto hadi miezi 18.

Kwa mtoto asiyeumwa, endelea na dawa kinga, zile za kuzuia maambukizi, hadi majibu yafike, na usimruhusu mama aondoke bila kuacha namba ya simu inayopatikana. Uliza pia kama hospitali yenu ya wilaya ina mashine ya GeneXpert inayotumika kwa kifua kikuu. Mashine hiyo hiyo, ikipata katriji zake, hupima VVU kwa watoto wachanga na kutoa majibu chini ya saa 2, mama akiwa bado amekaa kwenye benchi.